NANI ASHIKE MIZANI YA GESI?



Kila mchumaji wa chai wa Konoin, wa Sotik na wa Kericho anajua jambo moja hata kama hakupata kusoma: anayeshika mizani ndiye anayeshika mshahara. Sisi hulipwa kwa kilo. Kilo zikipungua kwenye mizani, pesa zimepungua mfukoni, na hapana maneno matamu ya nyapara yatakayozirudisha. Ndiyo maana wachumaji siku zote hutaka mizani ikae mahali pa wazi, mtu aone tarakimu kwa macho yake mwenyewe, na kilo ziandikwe mbele yake. Hapana mchumaji atakayekubali karani akae ofisini, asione majani, kisha aandike katika kitabu: "Huyu leo amechuma kilo 30, maana siku kama ya leo watu huchuma kilo 30."

Twaandika habari hii kwa sababu iko biashara kubwa duniani ambayo kwa miaka mingi imeandika hesabu zake namna hiyo hiyo. Ni biashara ya mafuta, ya gesi na ya makaa ya mawe. Kitu kinachoandikwa bila kupimwa ni gesi inayoitwa methani, ambayo huvuja katika visima, mabomba na migodi. Maoni yetu ni haya: gesi hiyo ipimwe kweli kweli, kipimo chake kiwe wazi kwa watu wote, na wafanya kazi wawe na mtu wao kwenye mizani. Msomaji atauliza, sisi wa chai tuna shauri gani na visima vya mafuta? Tutamjibu.

METHANI NI KITU GANI

Methani ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutoka ardhini pamoja na mafuta, hukaa ndani ya makaa ya mawe, na ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo katika Tanzania, ambayo tangu mwaka 2004 hupelekwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Hutoka pia matumboni mwa ng'ombe, katika mashamba ya mpunga na katika majaa ya taka. Tusiichanganye na gesi ya mtungi ya kupikia nyumbani. Hiyo ni ya jamii nyingine.

Methani ikiwaka hutoa moto mzuri. Ikivuja bila kuwaka hupanda hewani na kulizuia joto la dunia lisitoke. Wataalamu wamehesabu kwamba kwa muda wa miaka 20 tani moja ya methani hutia joto kama mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi, yaani ile hewa itokayo katika moshi wa kuni na wa magari. Joto lililoongezeka duniani tangu zama za viwanda kuanza, karibu asilimia 30 ni kazi ya methani.

Lakini gesi hii ina jambo moja la kutia moyo, nalo ni kwamba haidumu. Kaboni dayoksaidi hukaa hewani karne nyingi, lakini methani huisha kwa miaka kumi na kitu hivi. Basi tundu likizibwa leo, faida yake tutaiona sisi wenyewe tungali hai, hatutawaachia wajukuu peke yao.

Na joto na mvua ni chakula chetu. Mwaka 2016 Kenya ilitoa kilo milioni 473 za chai. Mwaka 2017, baada ya ukame, zikashuka mpaka kilo milioni 440. Hatusemi kwamba ukame wa mwaka ule uliletwa na gesi ya kisima fulani. Hatuwezi kushtaki hivyo. Twasema hivi: mvua ikiharibika, majani hupungua, na majani yakipungua mtu wa kwanza kuambiwa akae nyumbani ni kibarua. Mwenye shamba ana benki. Kibarua hana ila mikono yake.

HESABU ZA MEZANI

Sasa tutazame jinsi methani ilivyokuwa ikihesabiwa. Kampuni huhesabu vali zake, pampu zake na matangi yake. Halafu huchukua tarakimu iliyowekwa zamani ya kukisia vali moja huvujisha kiasi gani kwa mwaka. Huzidisha, hujumlisha, kisha huipelekea serikali. Serikali hutia saini na kuipeleka kwa Umoja wa Mataifa. Katika safari yote hiyo huenda hapana mtu aliyekwenda kwenye vali na chombo cha kupimia.

Hesabu hii ina kosa ambalo fundi yeyote wa kiwanda cha chai atalitambua mara moja. Tarakimu ile ya kukisia ni ya vali inayofanya kazi sawasawa. Lakini uvujaji mkubwa hautoki katika vali zilizo nzima. Hutoka katika vali chache zilizovunjika, katika mfuniko wa tangi uliosahauliwa wazi, katika mwenge wa gesi uliozimika usiku na gesi ikaendelea kumwagika bila kuwaka. Mambo hayo hayamo katika kitabu cha karani, kwa maana kitabu chake kimeandikwa kana kwamba kila kitu ni kizima.

Wanasayansi walipokwenda kupima wenyewe, mambo yakawa mengine. Mwaka 2018 katika Marekani walitumia vipimo vya ardhini na vya ndege, wakatangaza katika jarida la Science kwamba methani inayovuja katika kazi ya mafuta na gesi ya nchi ile ilizidi hesabu ya serikali kwa asilimia 60 hivi. Ilikuwa sawa na asilimia 2.3 ya gesi yote iliyochimbwa. Na mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema kwamba methani ya kazi ya nishati katika dunia yote ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa na serikali kwa asilimia 70 hivi.

Jambo la mwaka 2019 latugusa sisi wa chai zaidi. Mbolea tunayotia katika chai, ile ya NPK 26:5:5, nguvu yake kubwa ni naitrojeni, na naitrojeni ya mbolea kwa kawaida hutengenezwa kwa gesi ya ardhini. Mwaka huo ilitangazwa kwamba wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cornell na wa jumuiya ya kutetea mazingira ya EDF walichukua gari la Google, lile la kupigia picha barabara, wakalitia chombo cha kunusa methani, wakalizungusha kwenye barabara zilizo karibu na viwanda sita vya mbolea katika Marekani. Hawakuingia ndani ya lango, walipita barabarani tu kama mtu yeyote. Wakakadiria kwamba viwanda vya aina ile vilikuwa vikitoa methani mara 100 kuliko ilivyoandikwa katika hesabu za wenye viwanda.

Mkulima mdogo wa Kapset au Mogogosiek huandika kila mfuko wa mbolea alioutia shambani, tarehe na kiasi, kwa kuwa mkaguzi wa cheti cha Rainforest Alliance atakuja kuuliza. Asipoandika, ataonekana mkosaji. Lakini huko mbolea inakotengenezwa, hesabu ilipungua mara 100 na hapana aliyejua, mpaka gari lilipopita barabarani. Huo ndio usawa wa mizani tulio nao duniani: mdogo hupimwa na mkubwa hujipima.

MIZANI MPYA

Tusiseme mabaya tu. Miaka hii michache mizani mpya imepatikana. Ziko ndege zenye vyombo vya kuona methani, ziko kamera za mkononi ambazo fundi akimulika bomba huona gesi ikifuka kama moshi, na ziko setilaiti zinazozunguka dunia na kuona mawingu ya methani kutoka juu.

Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, katika Nairobi yetu hii. Mwaka 2021 shirika hilo lilianzisha ofisi maalumu ya kukusanya vipimo vya methani vya dunia nzima. Mwaka 2022 ofisi hiyo ikaanzisha mtambo wa kutoa ilani unaoitwa MARS. Setilaiti ikiona uvujaji mkubwa, wataalamu huuhakikisha, kisha hupeleka habari kwa serikali ya nchi ile na kwa kampuni inayohusika: mahali fulani, siku fulani, kiasi fulani, tafadhali zibeni.

Na pale walipoziba, kazi haikuwa kubwa. Katika Algeria, kwenye eneo la mafuta la Hassi Messaoud, palikuwa na uvujaji uliokuwapo tangu mwaka 1999 au kabla yake. Baada ya ilani, ukazibwa, ikatangazwa mwaka 2024 kwamba faida yake ni sawa na kuondoa barabarani motokaa nusu milioni kila mwaka. Katika Nigeria uvujaji mwingine uliendelea miezi sita. Walipopata habari, walibadilisha chombo kibovu na mambo yakaisha kwa muda usiofika majuma mawili. Fikirini, ndugu, robo karne ya uvujaji katika nchi moja, na nchi ya pili dawa ilikuwa spana na chombo kipya!

Tena, gesi inayozibwa haipotei, huuzwa. Shirika la Kimataifa la Nishati limehesabu kwamba uchimbaji na matumizi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe humwaga karibu tani milioni 120 za methani kwa mwaka. Karibu asilimia 70 ya hiyo yaweza kuzuiwa kwa vyombo vilivyokwisha kuwapo, na asilimia 40 hivi yaweza kuzuiwa bila hasara yoyote kwa bei za mwaka 2023, maana gesi iliyookolewa hurudisha gharama ya kazi. Kwa hiyo tajiri asituambie kwamba hana pesa za kuziba. Pesa zenyewe zinatoka kwenye tundu.

BARUA ISIYOJIBIWA

Basi mambo yamekwisha? La. Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo.

Katika miaka miwili ya kwanza mtambo ule wa MARS ulipeleka ilani zaidi ya 1,200. Zilizopata jibu la maana zilikuwa asilimia 1 tu. Kwa habari za mwaka 2025, ilani zilikuwa zimepita 3,500 katika nchi 33, na majibu yalikuwa yamepanda yakafika asilimia 12. Ni maendeleo, hatukatai. Lakini bado katika kila barua kumi, karibu tisa hazijibiwi.

Setilaiti nayo si Mungu. Mawingu huizuia kuona, na sisi wa nchi ya chai tunajua mawingu yanavyoweza kukaa. Uvujaji mdogo mdogo, ambao kwa kujumlishwa huwa mkubwa, huipita. Tena huharibika: setilaiti moja mpya, MethaneSAT, ilirushwa Machi 2024, na Juni 2025 mawasiliano nayo yakakatika na kazi yake ikaisha.

Kwa hiyo takwimu nzuri ni lazima, lakini peke yake haitoshi. Mizani haimlazimishi mtu kulipa. Anayemlazimisha ni mtu asimamaye kando ya mizani, mwenye haki ya kusema, "Nimeona, andika," na asifukuzwe kazi kwa kusema hivyo.

WACHIMBAJI WA MAKAA WALITUTANGULIA

Jambo hili si geni katika historia ya vyama vya wafanya kazi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilipwa kwa uzito, kama sisi. Waliibiwa kwenye mizani miaka mingi. Walipigana mpaka mwaka 1860 sheria ikawapa haki ya kuchagua mtu wao wa kuangalia mizani, wakimlipa kwa pesa zao wenyewe. Watu hao wa mizani, kwa kuwa waliaminiwa na wenzao na tajiri hakuwashika mkononi, wengi wakawa viongozi wa vyama.

Na adui wa pili wa wachimbaji wale alikuwa methani hiyo hiyo, ambayo hujaa ndani ya mgodi na kulipuka. Mwaka 1815 ilitengenezwa taa ya Davy, ambayo mwali wake hubadilika methani ikiwapo. Ikawa mizani ya gesi mikononi mwa mfanya kazi. Mwaka 1872 sheria ikawaruhusu wachimbaji kuchagua watu wao wenyewe wakague mgodi. Lakini hata sheria hiyo haikuondoa hatari yote. Mwaka 1913 mgodi wa Senghenydd katika Wales ulilipuka, wakafa wachimbaji 439. Mahakama ilimtoza meneja paundi 24. Gawanyeni wenyewe mwone kila roho ilikuwa na bei gani: shilingi moja na peni moja na kitu.

Tusidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2010 katika mgodi wa Upper Big Branch, Marekani, walikufa wachimbaji 29. Wakaguzi wa serikali waligundua kwamba kampuni ilikuwa na vitabu viwili: kimoja cha ndani, chenye kueleza hatari, na kimoja cha kuonyesha wakaguzi. Mwaka huo huo katika mgodi wa Pike River, New Zealand, walikufa wengine 29. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba katika siku 48 za mwisho ziliandikwa ripoti 21 za methani kufika kiasi cha kulipuka. Ripoti zilikuwapo, zimeandikwa, lakini hazikusimamisha kazi. Wanaume wakaendelea kuteremka chini mpaka siku ile.

Fundisho ni moja. Kipimo kikiwa mikononi mwa tajiri peke yake, kitafichwa au hakitasomwa. Anayevuta hewa ile ndiye mwenye haja ya kujua imo nini.

NG'OMBE WA BOMET AMEPIMWA

Turudi nyumbani. Wako watakaosema, "Methani ya Kenya yatoka kwa ng'ombe zaidi. Tuwaache wenye mafuta, tujisafishe wenyewe kwanza." Ni kweli kwamba ng'ombe wetu hutoa methani. Na hapa Bomet tuna jambo la kuwaeleza hao. Wanasayansi, pamoja na wale wa taasisi ya mifugo ya ILRI ya Nairobi, walikuja katika kaunti hii, wakaenda kwenye maboma ya wakulima wadogo, wakapima uzito wa ng'ombe, maziwa yao na malisho yao, ili wajue kila mmoja hutoa methani kiasi gani. Takwimu zao zilichapishwa mwaka 2021. Hawakutosheka na tarakimu za kukisia zilizotoka nchi za ng'ombe wengine. Walikuja na mizani mpaka bomani.

Twawapongeza. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Lakini tuulize: ikiwa ng'ombe wa mjane wa Konoin amepimwa na mizani mlangoni kwake, kwa nini kisima cha mafuta cha kampuni yenye mamilioni kihesabiwe mezani? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilisema kwamba katika methani inayotokana na kazi za binadamu, kilimo na mifugo ni kama asilimia 40, mafuta na gesi na makaa kama asilimia 35, na taka kama asilimia 20. Lakini ya mafuta na gesi ndiyo rahisi kuzuia. Ng'ombe hafungwi kwa spana, bomba hufungwa.

MANENO YA WAPINZANI

Wengine watasema, "Kenya ina mafuta gani? Tusubiri kwanza yatoke." Mafuta ya Turkana yalitangazwa Machi 2012, kwenye kisima cha Ngamia 1. Mwaka 2018 malori yalianza kuyachukua kutoka Lokichar mpaka Mombasa, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mafuta hayo. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza kazi yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Uganda nao wana mafuta yao, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga. Majirani zetu wa Tanzania wana gesi ya Songo Songo, na ya Mtwara ambayo bomba lake lilifika Dar es Salaam mwaka 2015. Kwa hiyo jambo liko mlangoni. Na desturi ya kazi huwekwa kazi ikiwa changa. Mchumaji anajua: ukikubali mizani mbovu juma la kwanza, mwaka wa kumi utaambiwa hiyo ndiyo desturi ya shamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema, "Mkiwabana wenye mafuta, kazi zitakimbia." Maneno haya tumeyasikia kila tulipodai nyongeza. Kutafuta matundu na kuyaziba ni kazi ya mikono. Yataka mafundi wa mabomba, watu wa kamera, watu wa kuandika na kukagua. Na soko lenyewe laelekea huko: mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria ya kupima na kuziba methani, nayo yagusa pia mafuta na gesi yanayotoka nje. Nchi isiyo na vipimo vya kuaminika itakuta mlango umefungwa, kama sisi tungefungiwa mlango wa chai bila cheti.

Wengine, nao wana haki ya kuuliza, watasema, "Nchi kubwa ndizo zilizochafua, kwa nini sisi?" Kweli, wao ndio wenye mzigo mkubwa, na lazima wapimwe kwanza na zaidi. Katika Glasgow, Novemba 2021, yalitolewa mapatano ya kupunguza methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030, yakihesabiwa tangu kiasi cha 2020, na nchi zaidi ya 150 zimejiunga. Ahadi hiyo hatutaweza kuwadai wakubwa bila vipimo. Asiye na daftari hawezi kumdai mwenye deni. Nasi tukiwa na vipimo vyetu vilivyo safi, tutakuwa na mdomo wa kusema.

TUNATAKA NINI

Twaomba matawi yote yajadili mambo haya, na viongozi wetu wayapeleke mbele ya COTU, ili yafike kwa serikali kwa sauti ya wafanya kazi wote na si ya wa chai peke yao:

1. Katika Turkana methani ipimwe kabla kazi kubwa ya mafuta haijaendelea, ili tujue hewa ilikuwaje mwanzo. Asiyepima kikapu kitupu hawezi kujua uzito wa majani.

2. Kila mwenge wa kuchoma gesi na kila mahali gesi inapoachiliwa pawekwe mita. Hesabu za kukisia zisikubaliwe pale ambapo chombo cha kupimia kinaweza kuwekwa.

3. Kipimo cha chini, bomba kwa bomba, kilinganishwe na kipimo cha juu, cha ndege au setilaiti. Vikikosa kupatana, kampuni ieleze sababu.

4. Hesabu zitangazwe wazi, kwa Kiswahili, na zibandikwe katika ofisi za kaunti mahali mfugaji na mfanya kazi wanapoweza kuzisoma. Kitabu kiwe kimoja tu.

5. Wafanya kazi wa visima, wa mabomba na wa maghala wachague mwangalizi wao wa vipimo, kama wachimbaji walivyochagua mtu wao wa mizani mwaka 1860. Afundishwe kazi hiyo, aruhusiwe kwenda na wakaguzi, na nakala ya kila kipimo aipate.

6. Mfanya kazi atakayeripoti uvujaji asifukuzwe, asihamishwe, wala asikatwe saa zake.

7. Ilani yoyote ya uvujaji itakayoletwa kutoka Gigiri ijibiwe kwa muda uliowekwa na sheria, na jibu litangazwe.

Hatuombi sadaka. Wachimbaji wa makaa waliyapata baadhi ya mambo haya zaidi ya miaka 150 iliyopita, wakati hapakuwa na setilaiti wala umeme migodini. Yaliwezekana kwa kuwa walikuwa na chama.

Na huku kwetu tusisahau nyumba yetu wenyewe. Atakayesimama kudai mizani ya gesi ya Turkana na aitazame kwanza mizani ya chai ya shamba lake. Ina muhuri wa mkaguzi wa vipimo? Tarakimu zake zaonekana na mchumaji, au zimegeuzwa upande wa karani? Uzito wa mfuko unaokatwa ni uzito wa mfuko kweli? Mjumbe wa kila kampi alete majibu katika mkutano wa tawi. Mambo haya mawili ni vita moja, nayo ni vita ya kukataa kuandikiwa kitu ambacho hukukiona kikipimwa.

Mtu aliye Lokichar, akiwa fundi wa bomba au mlinzi wa lango, ni ndugu yetu ingawa hatujaonana. Mvua yake na mvua yetu hutoka katika mbingu moja. Akiwa na mizani mkononi na chama nyuma yake, tundu litazibwa hata kama barua ya setilaiti imelala mezani kwa mkubwa. Tumpeni nguvu hiyo.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Konoin